Shangazi, bei ya pointi za ndege inabadilika Aprili, nikate tiketi za Krismasi sasa hivi au nisubiri?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mdada wa Marangu ila naishi Minneapolis huku Marekani na mume wangu na watoto wetu wawili, mkubwa ana miaka 11 mdogo 7. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, zamu ya usiku, na miaka yote hii kila ninacholipia, mafuta ya gari, chakula, bima, napitisha kwenye kadi ili nipate pointi, na lengo ni moja tu, twende nyumbani Krismasi wote wanne. We unamjua Mchaga na Desemba. Mama yangu kila nikipiga simu anauliza mwaka huu mnakuja? na huyu mdogo hajawahi kumuona bibi yake zaidi ya kwenye video.

Sasa juzi shirika la ndege ninalokusanya pointi zake, silitaji, limetutumia barua pepe kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili wanaachana na ile bei moja ya pointi, bei itakuwa inapanda na kushuka kufuata msimu na wingi wa watu wanaotafuta ndege hiyo. Kwa sasa daraja la kawaida kutoka hapa mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni pointi 40,000 kwenda na 40,000 kurudi kwa mtu mmoja, ilimradi upate kiti cha bei ya chini. Kuhusu Aprili wanasema tu "bei zitaanzia" halafu wanaweka kinamba kidogo kizuri, lakini Desemba itakuwa ngapi hawasemi.

Hali yangu iko hivi. Kwenye akaunti ya hilo shirika nina 150,000. Benki nina 210,000 ambazo naweza kuzihamishia kwenye mashirika kadhaa, hilo likiwemo. Baba watoto anasema tuhamishe zote kabla ya Ijumaa tukate tiketi tumalize, zikikaa zitageuka karatasi. Mimi naogopa kwa sababu ukishahamisha hazirudi benki. Na viti vyenyewe ndo shida: tarehe 12 Desemba vipo vinne kwa 40,000 lakini shule inafunga tarehe 18. Nikiweka tarehe 18 watu wanne inaniambia 95,000 kila mmoja!! Kurudi tarehe 3 Januari vinne vipo, 40,000. Kwa hela taslimu Desemba hiyo hiyo nimeona kama dola 2,100 kwa mtu, na kwa pointi kodi ni kama dola 190 kwenda na kurudi. Likizo kazini bado, meneja anasema atajibu mwezi wa sita. Kufuta tiketi ya pointi ni dola 75 pointi zinarudi.

Lingine, mdogo wangu anaolewa mwakani baada ya Pasaka, tarehe haijapangwa, vikao ndo kwanza vinaanza. Nitaenda mimi peke yangu, kwa hela nimeona kama dola 1,150 kipindi kama hicho mwaka huu. Kwenye grupu letu la wasap watu wanasema kata tiketi yoyote sasa kwa bei ya zamani halafu utabadilisha tarehe mbele ya safari. Inawezekana kweli? Na hivi Shangazi ni haki mtu akusanye miaka yote halafu wabadilishe tu kwa barua pepe? Hakuna sheria?

Mama wa wawili, Minneapolis

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku.

Jibu kwanza, maelezo baadaye, maana siku hazikusubiri. Tiketi za Krismasi zikateni kabla ya tarehe 1 Aprili. Pointi za benki msizihamishe zote. Na harusi ya mdogo wako itoeni kabisa kwenye hesabu ya pointi, hiyo utaenda kwa hela.

Sasa nikueleze kwa nini, na nianze na hiyo 95,000 maana hapo ndipo naona mmekwama bure. Ukiweka watu wanne, komputa ya shirika inatafuta viti vinne vya bei moja. Kama viti vya bei ya chini vimebaki viwili, haitakupa viwili kwa 40,000 halafu viwili kwa bei ya juu, inawapandisha wote wanne kwenye bei ya juu na haikwambii kwa nini. Kwa hiyo leo jioni kabla ya kwenda kazini kaa na simu yako, tafuta tarehe 18 kwa mtu mmoja. Halafu wawili. Halafu watatu. Pale bei inaporuka ndo unajua viti vya chini vimeishia wapi. Fanya hivyo hivyo kwa tarehe 17, 19 na 20. Mimi nategemea kabisa utakuta viwili vipo tarehe 18, na viwili vingine siku ya pembeni, na hapo familia inagawanyika, baba na mtoto mmoja wanatangulia, wewe na mwingine mnafuata kesho yake. Muhimu kila tiketi iwe na mtu mzima na mtoto wake, usije ukaweka watoto wawili kwenye bukingi moja peke yao, mfumo utakukatalia au utakutoza huduma ya mtoto anayesafiri bila mzazi.

Kupishana siku moja njiani na wanao si jambo la kupendeza, najua, lakini linganisha na kuwatoa watoto shule wiki nzima, au kulipa 95,000 mara nne ya kwenda tu, ambayo hata hamna.

Sasa hesabu. Kwenda na kurudi ni 80,000 kwa mtu, watu wawili 160,000. Wewe akaunti ya shirika ina 150,000, umepungukiwa 10,000. Hizo 10,000 ndo uhamishe kwanza kutoka benki, hizo tu. Zina kazi mbili, zinakamilisha tiketi za jozi ya kwanza, yaani mzazi na mtoto mmoja, na zinakuonyesha uhamisho wenu unachukua muda gani, maana kuna benki pointi zinafika kabla hujafunga apu na kuna nyingine unasubiri siku mbili tatu, hasa mara ya kwanza unapounganisha akaunti. Hakikisha jina la benki na jina la akaunti ya ndege yanafanana herufi kwa herufi, wengi wanakwama hapo, benki wana jina la mume, ndege wana jina la baba. Zikifika, kata jozi ya kwanza, kwenda 18 kurudi tarehe 3 Januari. Halafu angalia tena kwa macho yako kwamba viti vya jozi ya pili bado vipo, kwenda na kurudi, ndo uhamishe 160,000 na ukate siku hiyo hiyo zikiingia. Jumla utakuwa umetoa benki 170,000, zinabaki 40,000, na hizo ziacheni huko huko benki.

Na hapa nazungumza na baba watoto moja kwa moja, maana wasiwasi wake nauelewa na ana haki nusu. Baba, pointi za shirika la ndege kweli zinapoteza thamani zikikaa, hazina riba na bei inapangwa na muuzaji. Lakini pointi za benki hazijaguswa na hiyo barua pepe. Zikiwa benki zinaweza kwenda shirika hili au lile, nguvu yake yote iko kwenye kuchagua. Ukizihamisha zote Ijumaa umezitoa mahali ambapo tangazo halizihusu ukaziweka palepale ambapo bei inapanda. Mnahamisha kwa ajili ya kiti mlichokiona, kwa kiasi cha kiti hicho.

Sema na viti vyenyewe kuna kitu inabidi uwe macho nacho, mimi naviita viti hewa, kama wale wafanyakazi hewa waliokuwa wanalipwa mishahara na hawapo. Kama ndege ya kwenda KIA ni ya shirika rafiki na siyo ya hao wenye pointi zako, mara nyingine tovuti inaonyesha kiti ambacho kiliondoka zamani, unafika mwisho wa malipo inakwambia samahani. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha zile 160,000 endelea na bukingi mpaka ukurasa wa mwisho kabisa wa kulipa, pale inapokutajia kodi kwa dola na senti. Ukiweza piga simu kwa shirika, mwambie mhudumu aangalie viti hivyo upande wake, na umuulize kama wanaweza kukushikilia bukingi wakati pointi zinasafiri. Baadhi ya mashirika wanashikilia, baadhi hawataki hata kusikia, lakini kuuliza ni bure.

Kama jozi ya pili haipatikani KIA, usikimbilie kukata tamaa. Tafuta kupitia Nairobi. Kutoka Nairobi kuna mabasi madogo ya kila siku yanayopita Namanga mpaka Arusha na Moshi, safari ya mchana kutwa, na watoto wakubwa kama hao wanaiweza. Ila kama watoto wana pasi za Marekani, kuingia Kenya watahitaji kile kibali cha mtandaoni kilichoanza Januari 2024, omba mapema, na visa ya Tanzania wanaihitaji kwa vyovyote, dola 100 kwa Mmarekani mmoja, hiyo weka kwenye bajeti tangu sasa. Dar pia jaribu, KLM kwa mfano kwa miaka mingi wametua KIA halafu ndege hiyo hiyo ikaendelea Dar, na kuna siku ya KIA imejaa ya Dar ipo. Lakini basi la Dar kwenda Moshi wiki ya Krismasi we mwenyewe unalijua, watu wanalala stendi, nauli zinaruka, kwa watoto waliotoka kwenye ndege ya masaa mengi mimi ningeliweka la mwisho.

Likizo isikuzuie. Ukikata sasa na meneja akakataa mwezi wa sita, unafuta, pointi zinarudi, umepoteza ada. Usipokata sasa na meneja akakubali mwezi wa sita, utakuta Desemba kwa bei mpya, na Desemba ndo mwezi ambao hizi bei za kupanda na kushuka zinapanda. Ila uliza kitu kimoja kabla hujabonyeza: hizo dola 75 ni kwa mtu au ni kwa kila tiketi? Kama ni kwa tiketi, na wewe ukakata kwenda peke yake na kurudi peke yake, watu wanne wana tiketi nane, ukifuta ni dola 600 badala ya 300. Ndo maana nimekwambia kata jozi kwa jozi, kwenda na kurudi pamoja. Na elewa pia kwamba ukifuta baada ya Aprili pointi zitarudi idadi ile ile lakini zitanunua kwa bei mpya, hamtarudishiwa ile bei yenu ya zamani ya 40,000.

Hapo hapo ndo ushauri wa grupu la wasap unapoanguka. Kukata tarehe yoyote sasa halafu kubadilisha baadaye kungekuwa kuzuri kama kubadilisha kungekuwa bure, lakini kwenye mashirika mengi ukibadilisha tarehe mfumo unaipiga bei upya kwa bei ya siku unayobadilisha. Unakuwa umelipa ya zamani, unaongezewa mpaka ifike mpya. Kuna mashirika yanalinda bei ya awali, machache, kwa hiyo waandikie kwenye chati yao swali lifuatalo kama lilivyo: nikikata kabla ya tarehe 1 Aprili na nikabadilisha tarehe ya safari mwezi wa saba, nitalipa bei gani? Jibu lolote watakalokupa piga skrinshoti, yenye tarehe ionekane, tunza. Barua pepe ya tangazo nayo itunze.

Mlango mmoja upo wa kubadilisha bila kuongeza pointi, nao ni shirika lenyewe likibadilisha ratiba. Kati ya Machi na Desemba ratiba zinasogezwa sana. Kwa safari za kutoka au kuingia Marekani, tangu Oktoba 2024 wakisogeza safari ya kimataifa kwa masaa sita au zaidi na wewe ukaikataa, wanatakiwa wakurudishie kila ulicholipa, pointi na kodi. Na wengi, ukipiga simu kwa upole ukiwa tayari umeangalia ndege gani unaitaka, watakuhamishia siku ya jirani bila kugusa pointi. Ndo hapo mnaweza mkaishia kusafiri wote wanne pamoja. Kwa hiyo kila barua pepe ya "ratiba yako imebadilika" isome siku hiyo hiyo, usiipite kama tangazo la biashara.

Umeuliza kama ni haki na kama sheria ipo. Moyoni mwangu naona si haki, mtu amebeba wazee usiku mzima, amepitisha kila senti kwenye kadi kwa ahadi ya bei fulani, halafu bei inafutwa. Lakini nisikudanganye kuhusu sheria. American Airlines walianzisha mpango wao wa maili, ndizo hizi tunazoziita pointi, mwaka 1981, mwaka 1988 wakaweka masharti mapya, idadi ya viti na tarehe zisizoruhusiwa, na wakayabandika hata kwenye maili ambazo watu walishazikusanya. Wanachama wakaenda mahakamani Illinois, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, mwaka 1995 ikaamuliwa kwamba sheria ya jimbo ya kumlinda mlaji haiwagusi mashirika ya ndege kwenye hili, kilichobaki ni kudai kwamba wamevunja mkataba wao wenyewe. Na mkataba wanauandika wao, mle ndani kuna sentensi inayosema tunaweza kubadilisha wakati wowote. Mwaka 2014 rabi mmoja wa hukohuko kwenu Minnesota aliyefutiwa uanachama na shirika la ndege la Northwest kwa maelezo kwamba analalamika mno alishindwa mbele ya mahakama hiyo hiyo, majaji wote tisa upande mmoja. Septemba 2024 Wizara ya Usafirishaji ya Marekani iliwaandikia American, Delta, Southwest na United kuwataka maelezo ya jinsi wanavyobadilisha thamani ya pointi, lakini barua ya wizara haikukatii tiketi ya Desemba.

Kinachotofautisha shirika na shirika ni kama wanatoa taarifa. American walitangaza Novemba 2015 kwamba bei zinapanda Machi 22, 2016, miezi minne, mwenye safari alipata muda wa kujipanga. Delta Februari 2015 waliondoa jedwali la bei za pointi kwenye tovuti, watu wakaamka halipo. United Juni 2023 walipandisha bei za pointi kwa ndege za mashirika rafiki kimyakimya. Virgin Atlantic walihamia bei za kupanda na kushuka Oktoba 30, 2024, na kwao kuna siku zisizo na wasafiri wengi kiti ni rahisi kuliko zamani na siku za sikukuu kiti kikawa hakishikiki. Hilo la mwisho ndo la kwako kulisoma vizuri, maana mfumo unaokuja kwenu ni wa namna hiyo. Mwenye uhuru wa kusafiri Februari huenda akafurahi. Mchaga anayetaka kufika Marangu tarehe 20 Desemba ndiye atakayelipia.

Ndo maana pia nasema harusi uende kwa hela, na hapa chukua kikokotoo. Desemba tiketi ni dola 2,100, toa kodi 190, inabaki 1,910, gawa kwa pointi 80,000, kila pointi inakulipia karibu senti 2.4. Baada ya Pasaka tiketi ni 1,150, toa 190, inabaki 960, gawa kwa 80,000, ni senti 1.2. Pointi ile ile inafanya kazi nusu. Zaidi ya hapo, kalenda za ndege zinafunguka kama miezi kumi na moja mbele, kwa hiyo leo hii tarehe za baada ya Pasaka mwakani nyingi hata haziuziki, huwezi kuziwahi kabla ya Aprili mosi hata ungetaka.

Usisubiri siku ya mwisho. Siku mbili za mwisho kabla ya mabadiliko kila mtu anakumbuka, tovuti inagoma, simu inalia masaa, na vile viti viwili vya tarehe 18 kuna familia nyingine hapo hapo Minneapolis inavitazama. Ukishakata, chukua namba ya bukingi ya shirika linaloruka, siyo ya wenye pointi tu, ingia kwenye tovuti yao uone majina ya wote yapo kama kwenye pasi na tiketi zimetoka kweli, zina namba ya tarakimu 13. Kama hakuna namba hiyo bado hamna tiketi, piga simu siku hiyo hiyo.

Na kwa mdogo wako, mwambie kamati ikishapata tarehe ya kanisa na ukumbi akutumie kabla hata ya kadi za mchango, uanze kuwinda tiketi ya hela.

Shangazi